Wenyeji wa Ndani ya Jani

Siku ya kwanza kukanyaga kitalu cha yule mama nilianza kwa kuiponda mali, kama kawaida yangu ninaponunua ili nikauze. Nilinyanyua kiriba kimoja chenye mche wa kakao, nikapangusa majani makavu yaliyojaa juu yake, nikasema, "Mama, hii ni miche au jalala?"

"Miche, baba. Jalala ni huko ulikopaki lori."

Nilicheka. Nilijua nimepata mtu wa kupatana naye.

Majani yale aliyaokota mwenyewe chini ya mikakao mizee yenye afya, akayamwaga juu ya miche michanga, yakalowa umande. Miaka kumi na tisa alikuwa mfagizi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na mfagizi husikia mengi, maana hakuna anayemnyamazia. Huko ndiko alikosikia kwamba ndani ya jani zima, lisilo na kasoro, huishi kuvu ndogo zisizoonekana kwa macho. Hazidhuru. Zikishajaa humo, kuvu ya ugonjwa ikija haipati pa kushika. Mche hauzaliwi nazo. Huzipata kwenye majani ya wakubwa wake. Alipostaafu akafungua kitalu, na wakulima wakawa wanatoka mbali kwa sababu moja tu: miche yake haikufa.

Mimi nilitaka miche yote, ila kwa sharti: majani makavu yaondolewe, na kila wiki ipuliziwe dawa ya kuua kuvu mpaka ing'ae. Mteja hununua kwa macho.

"Utawafukuza wenyeji," aliniambia. "Mgeni mbaya akija atakuta nyumba tupu."

"Mama, mimi nauza miche, sipangishi nyumba."

Wanunuzi wawili niliokuja nao walivunjika mbavu. Nikaongeza kwamba asipotaka, lori langu linajua njia ya vitalu vingine. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hakuweza tena kuuza mche mmojammoja kutwa nzima juani. Akasema, "Haya, bosi." Akapulizia mwenyewe, kitambaa amejifunga puani.

Miche iling'aa, nikaiuza yote kwa siku tatu. Kisha mvua kubwa ikashuka. Dawa ilishaua kuvu njema, na yenyewe ilipooshwa na mvua, majani yakabaki bila mlinzi. Madoa meusi yakaingia mashambani, miche ikanyauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wakulima hawakuja kwangu. Walikwenda kwake, maana walichonunua ni jina lake. Nilikuwepo, nimekuja kuchukua mzigo wa pili.

"Mama, umetuuzia nini?" mmoja alifoka. "Ilikuwa inanuka dawa! Nani alikwambia upulizie miche ambayo haikuwa inaugua?"

Alinitazama, si kwa muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kusema neno moja: mimi. Nikainama kukagua tairi lisilo na tatizo lolote.

"Mikono iliyoshika bomba ni yangu," akasema.

Nimewahi kudanganya katika biashara nikalala usingizi wangu vizuri. Hili la kunyamaza sijui niliweke wapi.

Miezi miwili baadaye nilimrudia. Nyuma ya jiko lake nikakuta miche arobaini imefunikwa majani, yote mizima; ile aliyoificha nisiione. Nikamwomba radhi, halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikamwambia nitainunua kwa bei yoyote atakayotaja.

"Radhi nimekupa, baba. Miche ya kukuuzia sina. Na hayo unayoniambia hapa nyuma ya jiko, kawaambie wale wakulima."

Mpaka leo nimewaambia watatu. Wa kwanza aliniuliza, "Mbona hukusema siku ile?" nikapanda lori nikaondoka. Wawili waliofuata walidhani namtetea tu kwa kumhurumia. Ndivyo tulivyogawana: mimi nilibaki na lori na wateja waliokuwa wake, yeye akabaki na miche arobaini na jina nililolichafua kwa kukaa kimya, na ambalo maneno yangu ya sasa hayalisafishi.