Wachonga Mawe na Mashine ya Vidole

Ukungu ulikuwa umeingia hadi kwenye kaunta ya hospitali huku Ogembo, nikawa kama naota. Mbele yangu wachonga mawe wawili, weupe kwa vumbi kama sanamu zao, walikuwa wakibishana.

"Bima mpya ya serikali itatuokoa," alisema mwenye kofia ya chama tawala.

"Mmeiua ile ya zamani iliyomlipia mke wangu upasuaji!" akafoka mwenzake wa upinzani.

Karani akawaambia waweke vidole kwenye mashine ya bima, iwatambue kwa alama zao. Ikawakataa wote wawili. Miaka ya kusugua mawe ilikuwa imefuta alama za vidole vyao.

Mwenye kofia akashika kidole gumba cha mpinzani wake, akakipangusa polepole kwa shati, kama anayeng'arisha jiwe.

"Jaribu tena, ndugu yangu."

Ikakataa. Foleni nzima tuliwajua wazee hao. Bima pekee ndiyo iliyotaka ushahidi kwamba wapo.