Ndimi za Muyinga

Mkuu wa shule aliniambia niandike jina la kila kitu kilichomo ndani ya lile gari, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Alinichagua mimi kwa kuwa nafundisha Kiswahili. Kwa akili yake, mwalimu wa lugha hakosi maneno. Nilimwambia nina madaftari ya kusahihisha mpaka kidevuni, akacheka, akanipa kalamu mpya.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya madarasa yetu hapa Mushasha, Gitega, limezama matairi yote manne, na mboga ya maboga imelipanda hadi dirishani. Halikuwa gari la mizigo wala la abiria. Lilikuwa gari la kulala: kitanda, jiko la gesi lenye mafiga mawili, karai la kuoshea vyombo, kabati, pazia. Wenyeji walisema ni la furere mmoja Mzungu, yaani bruda, aliyekuwa akizunguka nalo parokia kwa parokia. Vita vilipopamba moto alirudi kwao, na hakuonekana tena. Sasa amani imerudi, wanafunzi wamejaa, shule inataka kujenga madarasa mengine pale pale, kwa hiyo gari liondoke.

Nikaanza vizuri. Birika, moja. Godoro lililoliwa na panya, moja. Sufuria, tatu. Nikajiona hodari. Kisha zamu, yule mzee anayelinda shule, akavuta sanduku la mbao kutoka uvunguni mwa kitanda, akalifungua, tukabaki tunatazamana.

Vilikuwa vifaa vya fundi, hilo lilionekana. Lakini fundi wa nini? Kulikuwa na chuma chembamba bapa, mwisho wake kulabu ndogo kama ukucha wa paka. Tupa nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Bati jembamba kama wembe lakini halikati. Koleo lenye mdomo mrefu. Na uma wa meno mawili, mnene, usio na ncha. Chini kabisa kulikuwa na kopo la bati, kifuniko kimeshikwa na kutu, zito ajabu.

"Madamu, hii iko ya burusheti," zamu akasema, ameushika ule uma. "Unageuza nyama, unaona? Furere alipenda nyama, ule."

"Bila ncha? Atachoma nyama kwa kuibembeleza?"

Mwalimu wa biolojia akapita, akaiona ile kulabu, akaapa kwa mama yake kwamba ni ya kung'olea meno. Mwingine akasema ni vya fundi saa. Mpishi wa shule alisimama mbali, mikono nyuma, akasema vitu vya watu msivyovijua msivishike. Mimi sina subira na maneno ya namna hiyo. Niliandika kwenye orodha: "Chuma chenye kulabu, kazi yake haijulikani. Uma, kazi yake haijulikani." Nilipofika "haijulikani" ya tano nikafunga daftari kwa hasira. Mwalimu wa lugha mzima!

Naomba nieleze kidogo nyumbani kwetu, maana bila hayo yanayofuata hayana uzito.

Sisi ni watu wa Muyinga. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania nikiwa mgongoni, nikakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili changu wenzangu hapa wanakicheka kwamba ni cha redio. Baba alikuwa amefanya kibarua kwa wamisionari wa Gitega. Kibarua gani hasa, sikuwahi kuambiwa. Nilichoambiwa, tena na watoto wenzangu kambini, ni kwamba baba yangu ni mwizi wa kanisa.

Habari ilikuwa hivi. Siku chache kabla ya kukimbia, Baba alionekana akitoka kanisani kwetu Muyinga na kifurushi kwapani. Jumapili iliyofuata mpiga kinanda akakanyaga, akakanyaga, kikatoka upepo mtupu. Wakafungua, wakakuta shaba zote za ndani hazipo. Kabla mtu hajamuuliza, vita vikaingia, tukakimbia. Waliotoka Muyinga baada yetu wakaja na habari hiyo kambini, na ikakaa. Baba aliulizwa mara moja mbele ya watu. Akajibu kwamba alitumwa, na aliyemtuma ameondoka. Watu wakaguna. Baba alikuwa mtu wa kiburi cha kimyakimya, na hicho amenirithisha, ila kimya sikukipata. Hakurudia maneno yale tena, hata kwa Mama. Akiulizwa anachukua jembe.

Miaka yake ya mwisho alipooza upande mmoja. Mdomo ukapinda, maneno yakamkimbia, yakabaki mawili matatu ya Kirundi. Asubuhi na jioni: "Indimi. Indimi zanje. Gitega." Ndimi. Ndimi zangu. Gitega. Tukadhani analilia lugha zake, kwamba amekumbuka alivyokuwa akizungumza zamani. Mimi ndiye niliyemlisha, niliyemgeuza, niliyemfulia. Nilikuwa msichana, nilikuwa nimechoka. Siku moja alinishika mkono, akasema indimi, indimi, mate yanamtoka, nami nikautoa mkono wangu nikamwambia, "Baba, nyamaza basi! Ndimi gani tena? Kirundi unacho, Kiswahili unacho, unataka cha nani?"

Akanyamaza. Sikumsikia akilitamka tena neno lile mpaka tulipomzika, huko huko kambini.

Tuliporudi Muyinga, shamba tulilipata. Jina hatukulipata. Kinanda kilikuwa palepale pembeni mwa altare, kimefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Mama akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, misa inaanza yumo, misa inaisha hayupo. Nilimwambia asogee mbele, hana deni na mtu. Akaniambia, "Wewe kaa mbele, una miguu ya kukimbilia." Mimi nikapata kazi Gitega nikaondoka, na ninakiri niliondoka kwa furaha.

Basi. Turudi kwenye sanduku.

Jumamosi nilivifunga vile vifaa na lile kopo kwenye kitenge, nikapanda pikipiki hadi sokoni, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la misumari na rangi. Familia yake ipo Gitega tangu mababu zake, na chuma asichokijua yeye hakuna wa kukijua. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwagia vitu vyangu mezani, nikamwambia, "Mzee, nitajie majina, nimeaibika."

Akaushika ule uma usio na ncha. Akaugonga kwenye goti lake, akausimamisha juu ya meza, na meza ikaimba. Sauti moja, nyembamba, ndefu. Mteja aliyekuwa anachagua kufuli akageuka.

"Madamu, hii haiko ya nyama, haiko ya meno," akasema. "Hii iko ya muziki. Inakupa sauti ya kwanza, zingine zote unazifuatisha hapo."

Akachukua bisibisi, akazunguka kifuniko cha kopo taratibu, kutu ikaanguka juu ya chai yake. Ndani kulikuwa na vifurushi vidogo vya magazeti vimepangwa vizuri sana. Akafungua kimoja. Vipande vya shaba, vyembamba, kila kimoja kina ufa katikati, na ndani ya ufa kijibati kimeshikwa upande mmoja tu. Akakiweka kimoja mdomoni, akapuliza. Kikalia.

Mzee akacheka peke yake, macho yamelowa. "Babu yangu alikuwa na kinanda cha mkono. Alipiga kasida Alhamisi, sisi watoto tunalala palepale chini. Hii kitu ikifa, anaitoa na kulabu kama hii yako, anaikwangua kidogo, kidogo, anarudisha."

"Inaitwaje?" Nilikuwa nimeshika kalamu, jamani. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kuandika.

"Iko ulimi," akasema. "Si unaona? Hii yote ni mdomo, hii ndani ni ulimi. Bila ndimi, kinanda ni sanduku tu."

Nilikaa juu ya gunia la saruji bila kukaribishwa. Mzee akaniuliza kama nimeumwa. Niliinuka, nikakunjua magazeti yale moja baada ya jingine mpaka nikakuta nilichokuwa nakiogopa. Kifurushi cha chini kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, kwa Kirundi, kwamba ni za kanisa la Muyinga, zimesafishwa, zirudishwe kabla ya Pasaka. Mwandiko niliujua. Ile "g" yenye mkia uliojikunja kurudi nyuma ndiyo iliyoandika jina langu kwenye daftari langu la kwanza kambini. Kumbe baba yangu alikuwa fundi. Si mfagiaji, si mwizi. Fundi wa kinanda, aliyetumwa na yule furere, na alikwangua ndimi hizo kwa mkono wake ndani ya lile gari, nami nilikuwa nimeshinda humo juma zima nikiandika "haijulikani".

Nililia dukani kwa mtu bila haya. Mzee alifunga nusu ya mlango, akaniletea maji, akaketi mpaka nilipomaliza. Kisha akasema Jumatano anapeleka gari Muyinga kuchukua bidhaa zinazotoka Tanzania, nafasi ipo.

Mkuu wa shule akanipa ruhusa, na sanduku akanipa. Kwenye orodha nilikata zile "haijulikani" zote.

Jumatano mchana tulikuwa kanisani Muyinga. Mzee alivua viatu mlangoni, katekista akamwambia hapa hatuvui, akasema yeye hawezi kuingia nyumba ya kusalia na viatu, na soksi yake moja ilikuwa na tundu. Aliondoa kile kitambaa cheupe. Mivukuto ilikuwa imetobolewa na panya, akaiziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kisha akaanza kuzirudisha ndimi, moja moja, kila moja ina namba yake, na namba ile ni ya mkono wa Baba. Mimi nilikuwa nikimpa. Watu walianza kuingia. Wanawake waliotoka sokoni, na mabeseni yao. Mwenye habari alimwambia mwenzake, na baada ya saa moja mabenchi ya mbele yalikuwa yamejaa, na katekista amekishika kile kipande cha gazeti, anakisoma kwa sauti, anakirudia kila anapoingia mtu mpya.

Mama alikuja wa mwisho. Nilikuwa nimemtumia ujumbe, sikumweleza. Alisimama kwenye benchi lake la mlangoni, na mwanamke mmoja, tena yule aliyekuwa na domo kuliko wote, akainuka, akamshika mkono, akamleta mpaka mbele. Katekista akasoma tena. Mama alisikiliza huku anatazama miguu ya yule mzee kwenye kanyagio.

Mzee akakanyaga. Ndimi tatu hazikulia, zimelika. Zilizobaki zililia. Hakujua wimbo wowote wa kanisa, akapiga ule wa babu yake, polepole, na kila alipofika kwenye zile tatu kulikuwa na pengo la upepo. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilimtazama Mama nikingoja acheke, au alie, au anipigie hata kofi kwa kumshtua. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi.

Wakampongeza mpaka nje. Mke wa fundi, wakasema, mke wa fundi. Akaitikia kwa adabu.

Njiani kwenda nyumbani nikajikaza, nikamwambia langu. Kwamba Baba alinishika mkono kuniambia haya haya, nami nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Nilitaka anikemee. Hakunikemea. Alitembea hatua nyingi, kisha akasimama katikati ya njia, baiskeli ya mkaa ikatukwepa.

"Wewe ulimwambia anyamaze," akasema. "Mimi nilimsamehe."

Sikuelewa. Nikamwambia vizuri, Mama, kumsamehe ni vizuri.

"Nilikuwa naamini, mwanangu. Nje niligombana na wote kwa ajili yake, ndani nilikuwa naamini. Kila alipotaja Gitega nilijua ndiko alikoziuza. Usiku wake wa mwisho nikainama sikioni kwake, nikamwambia, baba watoto, zile shaba za kanisa, mimi nimekusamehe, nenda kwa amani." Akajifuta uso kwa pindo la kitenge. "Machozi yakamtoka. Nikafurahi. Nikasema, afadhali, ametubu."

Nilimuuliza Baba alifanya nini baada ya hapo.

"Aligeukia ukutani," akasema Mama.