Siku Mzee Alipomeza Vifaranga Wangu

Nianze kwa kukubali tu, kwa sababu nusu ya watu wa Ndanai wanajua na nusu nyingine wameongeza chumvi: ndiyo, ni mimi, Chelangat, niliyesababisha babake shemeji anywe maji yenye samaki, tena siku ya koito, siku ambayo watu wa kwao walikuja kumposa dada yangu Chepngetich mbele ya ukoo mzima. Chekeni kwanza, nitangoja.

Sasa sikilizeni. Nasomea samaki chuoni Kabianga (ndiyo, samaki, katika nchi ya majani chai, na hilo swali nimechoka kuulizwa). Kazi yangu ilikuwa kumfuata samaki mdogo wa vijito vyetu tangu yai mpaka aweze kujitafutia chakula, nichore kila hatua, na kila asubuhi nihesabu waliokufa. Mara mbili mayai yalikuwa yameota ukungu yakaharibika yote. Hii ilikuwa mara ya tatu, msimu wa kutaga unaisha, na Ijumaa hiyo stima ikapotea maabara, pampu ya hewa ikazima. Ningefanya nini? Nikayabeba mayai kwenye ndoo ya maji ya kijito mpaka nyumbani, nimeikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya koito, wakaanguliwa. Jamani, mngewaona! Kiumbe kama kipande cha uzi, mwili wote unapitisha mwanga, unachoona ni macho mawili meusi na kifuko cha kiini cha yai tumboni, na hicho kiini ndicho chakula chake cha siku za kwanza maana hata mdomo wa kulia hana bado. Lakini ndoo ilikuwa nyeusi, sikuwaona vizuri, kwa hivyo nikaamua jambo moja dogo tu: nikawahamishia kwenye jagi la kioo la Mama, lile la wageni, nikalifunika kitambaa chenye shanga ili mwanga usiwasumbue, nikaliweka juu ya kabati. Halafu nikaitwa jikoni kumenya viazi.

Shangazi akaona jagi limejaa, safi, limefunikwa kwa heshima, akalipeleka mezani mbele ya babake shemeji. Vifaranga wa umri huo hulala chini kabisa, kwa hivyo ukitazama juu ni maji tu. Mzee akajimiminia mpaka gilasi ikajaa. Mimi nilikuwa naingia na sinia ya chapati nikamwona ameinua.

"Mzee, usimeze!"

Akameza. (Nani asingemeza akipigiwa kelele hivyo?) Kisha akaitazama gilasi, na gilasi ikamtazama.

"Hii maji iko na macho," akasema polepole.

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikauliza, "Umemeza wangapi?"

Naapa nilihitaji kujua, niandike! Lakini gilasi ikamponyoka mzee, vifaranga wakamwagika sakafuni, Chepngetich akaanza kulia, na Baba Mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu siku hiyo, akasimama.

"Chelangat! Toka nje!"

"Nitatoka nikimaliza," nikamjibu, na tayari nilikuwa nimepiga magoti na gauni langu jipya, nawachota mmoja mmoja kwa kijiko cha chai, viatu vya wakwe vikirudi nyuma kunipisha.

"Unatuaibisha kwa sababu ya wadudu?"

"Si wadudu, ni samaki. Na ni kazi yangu ya miaka miwili." Machozi yalinitoka, lakini mkono haukusimama.

Mzee akainama kunitazama. "Sasa wewe, hawa watakua huku tumboni?"

"Hapana, Mzee. Watakufa."

"Pole," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Wageni wakatoka nje kushauriana (Mama alijifunika uso kwa leso muda wote huo), wakarudi, mazungumzo yakaendelea, posa ikakubaliwa. Mzee nilimwomba msamaha. Dada yangu pia, tena mara nyingi, maana siku ilikuwa yake, naye alininyamazia mpaka wiki ya harusi.

Na wale niliowaokoa? Kiini kikaisha, midomo ikafunguka, wakaanza kuogelea wakitafuta chakula, mapezi yakatokea, halafu magamba. Nimewachora hatua zote, na nimewarudisha kijitoni wakiwa samaki kamili.

Jagi la wageni sitaligusa tena maishani, hilo nimemwapia Mama. Lakini sokoni wakiniita Mama Samaki nageuka na kuitika, kwa sauti. Na wakiniuliza kama sioni haya kutambaa mbele ya wakwe, nawaambia naona haya, lakini ni kwa ajili ya yule kifaranga mmoja aliyeingia kwenye ufa wa sakafu, kijiko hakikumfikia.