Eda Iliyokwisha Kabla ya Habari

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa uhai wa viumbe na mwisho wa baadhi yao, na anayejua kila aliyezama amelala wapi hata kama sisi hatujui. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaona karatasi, na kwa mkono ambao hata ukitetemeka hufika mwisho wa mstari. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nataka kuandika habari ya mtu aliyenisomesha, na ya kosa nililolifanya nyumbani kwake nikidhani natimiza dini.

Alikuja Nakuru kwa treni kutoka pwani, akiwa kijana, na wazee wa mtaa wetu wa Bondeni walisema kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwauzia wapagazi wa stesheni kahawa ya birika. Mimi nilipopata akili alikuwa tajiri tayari. Katika miaka ile ya hamsini alikuwa na malori matatu na bohari karibu na reli. Malori yalipanda Dundori kuchukua viazi, yakateremka Mai Mahiu kuchukua ngozi za ng'ombe, na kila moja lilipotoka alikuwa amesimama langoni kwa miguu yake, hata kama mvua inanyesha. Alikula amesimama. Mkewe alimwambia mbele yangu, "Kaa basi, chakula hakikimbii."

"Chakula hakikimbii," akajibu, "lakini viazi vinaoza."

Dereva wake mkubwa, mtu wa Dundori ambaye siku hizo za hali ya hatari ya wakoloni hakuweza kuvuka kizuizi bila karatasi tatu mfukoni, ndiye peke yake aliyethubutu kumtania. "Mzee, wewe ni mtu wa pwani gani? Hata ziwa letu hapa huliendei. Unaogopa korongo?"

"Naogopa maji nisiyoweza kuyanywa," alisema, na ni kweli hakujua kuogelea.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, hakuwa na uwezo. Tajiri huyu alinisikia nikisoma Kurani msikitini mwezi wa Ramadhani, akasema sauti hii isiishie kwenye vitambaa. Akanipeleka Lamu kusoma. Nilirudi baada ya miaka minne na vitabu vyangu ndani ya sanduku la bati, nikapewa chumba nyuma ya bohari nifundishe watoto, na Shehe wetu alipozidiwa na ugonjwa wa miguu nikawa nasalisha badala yake. Nilikuwa na miaka thelathini hivi. Nilijua mengi, na nilijua kwamba nayajua.

Mwaka mmoja, mvua fupi zilipokuwa zinaanza, tajiri alitaka kupeleka viazi kwa meli kwenye bandari za kaskazini. Mkewe alimsihi atume mtu. Akasema, "Nikaione njia mara moja tu, halafu nitatuma watu maisha yangu yote." Alipanda treni ya Mombasa, na huko akapanda meli ndogo ya mizigo.

Habari ilifika kwa simu ya maandishi. Meli imezama kwa dhoruba, watu hawajulikani walipo. Hapakuwa na zaidi ya hayo.

Kwetu Bondeni habari ya msiba haisubiri kuitwa. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamefika na mikeka begani, masufuria kichwani, sukari na majani ya chai vimefungwa kwenye kanga. Nikawakuta uani wameanza kuwasha moto. Nikasimama mlangoni nikawaambia wazime.

Nilikuwa nimesoma mlango mzima wa kitabu cha sheria juu ya mtu aliyepotea. Maiti haijaonekana, hakuna shahidi aliyemwona akifa, basi asili yake ni kwamba yu hai. Mke wake ni mke wa mtu. Hakai eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, wala hawekewi matanga. Nilisema hayo kwa sauti ya darasani.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa akiuza maandazi pale sokoni, akaniangalia juu mpaka chini. "Maalim, hata sukari yetu ina makosa?"

"Rudini nayo, mama. Tusimfishe mtu ambaye Mungu hajamfisha."

"Haya. Chai ya kitabu tutakunywa siku nyingine." Wakakunja mikeka. Nakumbuka sauti ya masufuria yakigongana njiani.

Ningeweza kwenda kumuuliza Shehe. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwangu. Nilijiambia ni mgonjwa, nisimsumbue. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuliza.

Ikaja Januari na vumbi jeupe linalotoka kwenye ufuko wa ziwa na kuingia mpaka ndani ya mikate. Malori yaliendelea kutoka. Mke wa tajiri hakuvaa nguo za msiba, kwa sababu nilikuwa nimesema si mjane. Alifua kanzu za mumewe, akazipiga pasi, akazirudisha sandukuni. Watu hawakujua wamsalimie vipi. Ukimwambia "pole" umemuua mumewe, na ukimwambia "bwana anarudi lini" umemuua yeye. Wengi wakaacha kupita njia ile.

Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kumjulia hali, nikakaa ukumbini, naye nyuma ya pazia. Hakuwa na maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu.

"Maalim, leo mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wa mtu, mama. Subiri."

"Nasubiri."

Wiki baada ya wiki, swali lile lile na jibu lile lile, mpaka ikawa nikifika ile Ijumaa miguu yangu ni mizito kama ya mtu anayepanda Dundori na gunia. Dereva naye alichoka. Siku moja alinisimamisha langoni. "Mwalimu, mimi si wa dini yenu. Lakini kwetu mtu akipotea, watu hukaa pamoja. Nyinyi mmemwacha mama peke yake na pasi."



Baridi ya Juni ilipoingia wakaja watu wawili kwa treni. Mmoja alikuwa mpishi wa ile meli na wa pili alitengeneza mashine zake. Waliokolewa na meli ya wageni, wakapelekwa bandari ya mbali, wakaugua huko, na walipopata njia ya kurudi waliuliza nyumba ya tajiri wa viazi. Niliwakalisha ukumbini, mbele ya pazia, nikawataka waseme walichokiona kwa macho.

Mpishi alisema walishika kasha moja la mbao, watu watatu, usiku kucha. Tajiri alikuwa mtulivu. Karibu na alfajiri akasema, "Ndugu zangu, mimi nimechoka." Akatamka shahada, akafungua mikono. Jua lilipotoka walimwona ameelea karibu nao, hana pumzi. Walimshika kidogo, wakamsomea walichokijua, kisha mkondo ukamchukua. Fundi naye alisema vivyo hivyo, na akaitaja siku.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikauliza, "Alisema amechoka?"

"Ndiyo, mama," mpishi akajibu.

"Miaka ishirini na miwili. Neno hilo hakulisema humu ndani hata mara moja." Kisha akasema, "Maalim, sasa nimekuwa mjane. Nileteeni nguo za eda. Niwekeeni mkeka."

Mashahidi walikuwa wawili, kama nilivyotaka, na siku ilijulikana. Hapo ndipo nilipoikumbuka sehemu iliyobaki ya mlango ule. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku habari ilipofika. Ilikuwa imepita miezi saba.

"Mama," nikasema, "eda yako imekwisha. Ilikwisha zamani."

"Kwa hiyo nimemaliza nisichokianza."

Nilitoka. Safari hii nilikwenda kwa Shehe. Alikuwa kitandani, miguu imefungwa vitambaa, na mkewe akiwasha jiko la makaa. Nilimweleza yote, na ya wanawake niliowarudisha na sukari yao. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Kuhusu eda umesema kweli," akasema. "Mlango wa taazia umeusoma?"

"Nimeusoma, Shehe."

"Kupeana pole ni siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Kwa mtu aliyekuwa mbali, zinahesabiwa tangu lini?"

Nilikuwa nalijua jibu. Nililihifadhi Lamu, nimekaa juu ya jamvi, na chakula nilichokula ni cha yule marehemu. "Tangu habari imfikie," nikasema.

"Basi kimbia, leo ni siku ya kwanza. Na kilio cha siku ile hakikungoja mashahidi, mwanangu. Ungewaacha tu wakae naye."

Nilikwenda sokoni mwenyewe, kwa yule mama wa maandazi, nikamwambia matanga yapo. Hakunicheka. Alifuta mikono kwenye leso. "Sukari ile tumeshainywa, Maalim. Tutanunua nyingine."

Walikuja na mikeka ile ile. Dereva aliosha malori yote matatu akayapanga mstari mmoja langoni, hayakutoka siku tatu, na viazi vya Dundori vilivyokuwa ndani vikachemshwa kwa wageni. Baada ya sala ya Ijumaa tulimsalia maiti asiyekuwepo. Mjane alilia kwa mara ya kwanza, nami nilimsikia kutoka nje, nikakaa chini juu ya kizingiti cha bohari.

Siku ya nne wanawake walikunja mikeka. Mjane alipata siku tatu. Nyingine zote alikuwa amezikaa peke yake, kwa fatwa yangu. Aliishi miaka mingi baadaye na hakunilaumu, na kila Idi aliniletea sahani ya chakula.

Ewe unayesoma, Mungu akupe elimu na akupe wa kumuuliza. Akulinde bara na baharini, na siku habari nzito ikikufikia, mlango wako usikose watu wenye mikeka. Amina.