Kiingereza cha Kobe

Mama Pasi alipanda ngazi za ofisini kwenda kwenye usaili akiwa na hasira tayari, na alikuwa na haki nayo. Miaka yote aliyonyoosha shuka za hoteli ile, usimamizi wa chumba cha kufulia ulikuwa ukipewa watu wa kuja, wasiojua hata kutenganisha pamba na hariri. Kila alipouliza alijibiwa kwamba msimamizi lazima aongee na wageni, na yeye Kiingereza hakijui.

Basi akakitafuta. Shule ya jioni iligongana na zamu yake, kwa hiyo binti yake akamwekea katuni kwenye simu, hadithi za wanyama za kufundishia watoto Kiingereza. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia, waya masikioni, pasi mkononi. Kobe ndiye aliyemfundisha kusimulia mambo ya jana, maana katika kila hadithi kobe huyo hukaa kitako akaeleza yaliyomkuta. Sungura alimfundisha kuuliza. Kuku, mama wa vifaranga watundu, alimfundisha kuamrisha. Mama Pasi alirudia kila sentensi kama alivyoisikia mpaka ikakaa kichwani, na hapo ndipo kosa lilipoingia: aliyabeba maneno pamoja na sauti zake. Mambo ya jana aliyavuta kwa sauti nzito ya kobe, maswali akayarusharusha kama sungura. Alidhani ndivyo lugha ilivyo.

Aliyelijua kosa hilo ni wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa hoteli hiyohiyo. Badala ya kumsahihisha, alimcheka. Wakati wa chakula alikuwa akimuuliza leo kasoma na mnyama gani, na siku moja akambembeleza amsimulie kidogo. Mama Pasi akafurahi kupata msikilizaji, akasimulia. Hakuona kwamba simu ya wifi ilikuwa imesimamishwa nyuma ya sufuria, inamrekodi.

Siku ya usaili meneja alimkaribisha vizuri, akamuuliza kwa Kiingereza alifanya nini siku mgeni alipolalamika kwamba shati lake limeungua. Mama Pasi akavuta pumzi, akaeleza: aliomba radhi, akalipeleka shati kwa fundi, akalirudisha kabla mgeni hajaondoka. Hakukosea kitu. Lakini katibu muhtasi alikuwa ameziba mdomo kwa faili tangu neno la kwanza, na meneja mwenyewe mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Ni sauti ileile ya video ya jikoni," meneja alisema akijifuta machozi. "Mama, hebu tupe na ya kuku."

Mama Pasi akaelewa yote kwa mkupuo. Damu ikamchemka.

"Swali nimelijibu au sikulijibu?"

"Umelijibu, mama. Ila wageni watakucheka."

"Wageni hawajacheka. Mmecheka ninyi."

Meneja akakohoa, akasema nafasi itabidi apewe mtu anayeongea kama mtu mzima.

Mama Pasi alishuka moja kwa moja hadi jikoni. Wifi alikuwa anamenya viazi, wenzake wamemzunguka. Alipouona uso wa Mama Pasi akatanguliza kicheko, akasema ulikuwa utani tu, kwani wifi hataniwi?

"Utani mtu hutaniwa akiwepo. Wewe umeupandisha ofisini, wifi, ukaila nafasi yangu."

Kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuku, kali na ya kukatakata, akamwamrisha asimame. Wifi akasimama kabla hajajua kwa nini. Alete simu. Akaleta. Aifute ile video mbele ya macho ya watu wote. Akaifuta, vidole vikiteleza kwa maji ya viazi. Mpishi mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, kicheko akakimeza.

Wiki iliyofuata msimamizi mpya, mtu wa kuja kama waliomtangulia, alimkuta Mama Pasi amechomoa waya wa masikioni na kobe ananguruma chumba kizima. Akamwomba apunguze sauti. Mama Pasi hakuinua uso. Alimjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kobe, polepole, safari hii akikusudia kila mvuto: kwamba aliomba nafasi hiyo, kwamba alijibu kila alichoulizwa, kwamba walimcheka. Kisha akaibamiza pasi juu ya foronya, mvuke ukafuka kati yao.