Theluji ya Grini ya Nne

Tarehe 11 Januari 2014 nilimpoteza mke wangu. Presha ilimkamata asubuhi akikunja nguo, na kabla ya saa sita mchana daktari alikuwa ameshatuita mimi na binti yetu kwenye chumba kidogo chenye viti vinne. Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili Minnesota, Marekani.

Ardhi ilikuwa imeganda. Makaburini waliweka kifuniko kikubwa cha chuma chenye moto ndani yake, kikakaa hapo mchana na usiku, ndipo wakaweza kuchimba. Watu wa kanisa walikaa nasi matanga siku nne tu, maana huku kila mtu ana zamu yake kazini. Baada ya hapo, kila Jumapili tukitoka ibadani nilikwenda kaburini na ufagio. Kwetu Fizi, Kongo, kaburi hufagiwa. Likiachwa hivihivi, watu husema marehemu hana mtu. Nilifagia theluji mpaka udongo ukaonekana, binti akinisubiri ndani ya gari.

Kazi yangu ilikuwa kwenye uwanja wa gofu ulio juu ya vilima, ng'ambo ya mto ukitokea mji wa Savage. Wakati wa baridi tulibaki watu watatu: bosi, Mzungu wa makamo asiye na maneno mengi; fundi wa mashine, Mkenya aliyeishi huku miaka kumi na aliyekuwa akinitafsiria; na mimi wa koleo la theluji. Nilisafisha njia na maegesho ya magari. Nikimaliza mapema sikutaka kurudi nyumbani, kwa sababu koti la mke wangu lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango.

Siku moja ya Februari nilipanda mpaka grini ya nne, ile duara ya nyasi fupi yenye shimo la mpira, nikaanza kuondoa theluji. Hakuna aliyenituma. Niliona nyasi zinakosa hewa. Nilianza na koleo, nikamalizia na ufagio, na rangi ya kijani ilipotokea nilisikia njaa, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Wiki hiyo ilikuja baridi kali bila theluji mpya.

Mwezi wa tatu bosi alianza kuuandaa uwanja. Alitoboa kila grini kwa keekee, akatoa kipande cha nyasi na udongo wake, ukubwa wa kikombe. Vipande tulivitia kwenye makopo ya mtindi yenye namba, tukayapanga kwenye dirisha la karakana, karibu na hita. Kinachochipua kiko hai. Baada ya siku kumi makopo yote yalikuwa na kijani, isipokuwa la nne. Lilikuwa na rangi ya majani makavu.

"Ya nne imekufa," fundi alisema. "Na ya tano jirani yake ni nzima. Ajabu."

"Mimi niliondoa theluji yake."

"Yote?"

"Yote. Ili ipumue."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, umeivua blanketi katikati ya Februari! Ungeiletea na feni basi." Halafu akaona sicheki, akashusha sauti. "Sikia. Usijichome. Bosi anadhani ni barafu iliyoiua, mwache adhani hivyo. Wiki ijayo anachagua watu wa msimu, na wewe una mtoto."

"Mwambie ni mimi."

"Maneno ya kukufukuzisha kazi mimi sitafsiri, mzee."

Nilichukua kopo la nne na ufagio, nikamfuata bosi mlangoni. Nikamwonyesha kopo, nikamwonyesha ufagio, nikajigusa kifua. Alinitazama, akamgeukia fundi. Fundi akaguna, akamweleza.

"Anauliza kwa nini."

"Sikutaka kurudi nyumbani," nikasema.

Fundi alitafsiri. Bosi akalitazama kopo. Kisha akaongea polepole.

"Anasema theluji ndiyo inayokinga ardhi dhidi ya baridi. Kuna siku ya kuiondoa, na siku hiyo anaijua yeye. Mambo ya kazi atakujibu Jumatatu."

Kulikuwa na maneno mengine, lakini sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu Jumapili nilizokwenda kaburini na ufagio.

Jumatatu bosi aliniambia nitabaki, na grini ya nne ni yangu. Nilikata nyasi zilizokufa, nikazibeba kwa toroli. Kwenye kitalu nyuma ya karakana tulikata nyasi mpya, tukazikunja kama mikeka, nikazitandaza pale juu moja baada ya nyingine, nikibonyeza maungio kwa viganja. Kazi hiyo ilinichukua siku sita. Hakuna aliyenisema vibaya, na hilo lilinielemea.

Katikati ya Aprili theluji ilianguka tena. Jumapili tulikwenda makaburini. Binti aliniuliza kwa Kiingereza kama nautaka ufagio. Nikauchukua. Najua aliyekufa hasikii baridi. Nilifagia kibao kidogo cha muda kichwani pa kaburi mpaka jina lake likasomeka, na theluji ya juu ya kaburi sikuigusa. Binti alishuka garini, akasimama kando yangu. Baadaye akanipokea ufagio, akaurudisha kwenye buti la gari.