Mama Hajamaliza Kula

"…na huo upuuzi wa 'mama amesema' usinirudie tena masikioni! Mama yumo ndani ya jeneza, pale, nyuma ya pazia. Amesema saa ngapi? Kwa mdomo gani?"

"Dada, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Tumefunga barabara nzima kwa turubai, kama hawataki kusikia wamefuata nini hapa?"

Hapo A-Luan alikuwa ameshamkaba mdogo wake, Kun-hong, kwa maneno tangu asubuhi. Na alikuwa na haki. Kando ya picha ya marehemu, mahali pa mashada ya maua, Kun-hong katoka mjini Taichung, huku huku Taiwan, na skrini ndefu kama mlango. Ndani ya skrini kamweka mama yao. Nywele nyeusi ti, ngozi laini kama yai lililomenywa, anatabasamu, anapepesa macho. Kila anayeinama kutoa heshima, lidude hilo linamwambia: "Asante kwa kuja, mpendwa. Nimefurahi kukuona."

Akili mnemba, ndivyo wanavyoiita. Wanaichukua sauti ya maiti kwenye simu, wanachukua na picha zake, wanavichemsha huko wanakojua wao, wanakuuzia mama mpya. Na huyo mama mpya anaongea Kichina cha shuleni, kimenyooka kama taarifa ya habari. Mama mwenyewe maisha yake yote aliongea Kitaiwan cha sokoni, na nusu ya maneno yake yalikuwa matusi.

"Huyu mtangazaji ni nani?" mjomba A-Hok aliuliza alipofika. Huyu ni kaka wa marehemu, mzee mfupi, meno mekundu kwa kutafuna popoo.

"Ni mama, mjomba," Kun-hong akajibu.

"Mama wa nani?"

Mnaweza kucheka. A-Luan hakucheka, na sababu ipo.

Kazi yake A-Luan ni kulia. Pale Beigang na vijiji vya jirani, mtu akifa na mabinti zake wako mbali, au wapo ila wanaona haya kujigaragaza mbele za watu, mwenye kampuni ya mazishi anampigia simu A-Luan. Anavaa joho jeupe, anajifunika kofia ya gunia mpaka usoni, anashika kipaza sauti, anatambaa kwa magoti toka barabarani mpaka kwenye jeneza akiita "Baba! Baba yangu!" kwa mwanaume ambaye hajawahi kumwona. Magoti yake yamekuwa magumu kama visigino. Akipita sokoni, muuza nguruwe humtania: "A-Luan, leo umefiwa na nani?"

"Nakusubiri wewe," humjibu. "Kwako nitalia bure, maana hakuna mwingine atakayelia."

Lakini kazi yake haifanyi ovyo. Kabla ya kumlilia mtu, anakaa na wenye msiba jikoni, anawauliza. Alikuwa anapenda kula nini? Akikasirika alikuwa anatupa nini? Nani alikuwa kipenzi chake, na nani alikuwa anajidanganya kwamba ndiye kipenzi? Ndiyo maana akilia, wajane wa kweli wanazimia.

Sasa sikia kinachomtafuna. Siku mama yake alipofariki, A-Luan alikuwa kijiji cha tatu huko anamlilia mama wa watu. "Mama, umeniacha na nani!" kwa kipaza sauti, simu imefungiwa kwenye pikipiki. Mama yake kamaliza kula mchana, kajilaza, basi. A-Luan alipopata habari aliendesha pikipiki kama kichaa, na akafika nyumbani bado kavaa joho la msiba wa wengine.

Kule kwao, binti aliyeolewa akifiwa na mzazi haingii nyumbani kwa miguu. Anapiga magoti tangu barabarani, anatambaa, analia, mpaka kwa marehemu. Ndiyo salamu yake ya mwisho. Lakini Kun-hong alimkuta mlangoni, akaliona lile joho, akamvuta pembeni. "Dada, utatuletea mkosi wa watu wengine. Na wewe ukianza kutambaa, majirani watasema uko kazini. Pita nyuma." Akapita mlango wa nyuma kama mwizi. Watu wote wa wilaya kawalilia, mama yake hakumlilia.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: amuulize mama yake kama amemkasirikia, na ajibiwe.

Na kule maiti anajibu. Siku ya mazishi anaandaliwa chakula cha mwisho: wali na yai, mguu wa nguruwe, samaki, na huyu mama alikuwa haishi bila kahawa yake ya kopo. Mtoto wa kiume anashika sarafu mbili, anauliza, anazirusha chini. Moja ikilala uso na nyingine mgongo, marehemu amekubali. Zikifanana, amekataa. Asipokubali kwamba ameshiba, jeneza halifungwi. Na marehemu akiwa mwanamke, mwenye kutoa ruhusa ya kufunga ni kaka yake. Yaani yule yule A-Hok na popoo zake.

Kun-hong akapiga magoti, akainua sarafu. "Mama, umeshiba?"

Kabla hajazirusha, skrini ikadakia kwa ile sauti ya asali: "Nimeshiba, mwanangu. Na wewe umekula?"

Sarafu zikaanguka. Migongo, zote mbili.

Halafu shangazi mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko.

"Sasa dada yangu ni yupi?" mjomba akasema. "Wa kwenye luninga kashiba, wa kwenye jeneza ana njaa."

"Kopo halijafunguliwa," shangazi akapaza sauti. "Atakunywaje na limefungwa? Mnamjua alivyokuwa!"

Kopo likafunguliwa. Zikarushwa. Amekataa.

"Wali umepoa." Ukaletwa wa moto. Amekataa. Skrini huku inaendelea: "Chakula kizuri sana, asanteni wapendwa wangu."

"Mpendwa!" A-Luan akafyonya. "Mimi mama aliniita ng'ombe miaka yote. Muulize, Kun. Muulize kama ni hilo lidude lako linalomkera."

Kun-hong akauliza, shingo upande. Nyuso, zote mbili. Hapana.

"Umeona?" akamgeukia dada yake, na kacheko kadogo mdomoni. "Halimkeri."

A-Luan alitamani kumzaba kibao. Hata mama kamgeuka! Ila alikuwa anajua swali lililobaki, na ndilo lililokuwa linamtisha. Akampokonya sarafu. Akapiga magoti bila kipaza sauti, bila kofia.

"Mama. Ni mimi, eh? Ni kwa sababu sikukulilia toka barabarani?"

Akarusha. Moja ikalala uso. Nyingine ikabingirika chini ya meza, mjomba akainama na tochi ya simu, mgongo unamlia, anatukana.

"Mgongo," akasema. Akainuka, akamtazama mpwa wake. "Kakubali. Nenda barabarani."

A-Luan akatoka mpaka kwenye lami. Akashuka magoti. Akafungua mdomo, na kile kilio cha kazini, kile kinachozimisha wajane, hakikuja. Ikatoka sauti mbaya, ya kukwaruza. "Mama, nilikuwa namlilia mtu mwingine…"

Skrini ikamsikia. "Usilie, mwanangu mpendwa. Mimi niko nawe siku zote."

Akasogea. "Mama, simu niliifungia…"

"Usilie. Hakuna kosa. Ninakupenda."

Yaani mtu anaomba msamaha kwa mama yake, lidude linamsamehe kabla hajamaliza kusema alichokosa! Halijui kosa lenyewe, halikuwepo, linagawa msamaha kama karatasi za matangazo. A-Luan akakwama katikati ya turubai. Kila akivuta pumzi ya kulia, linamnyamazisha.

"Kun. Zima."

Kun-hong hakusogea.

"Nimesema zima!"

"Dada, nikizima…" Akaitazama skrini. "Nikizima atakuwa amekufa."

"Amekufa, mjinga wewe! Hawa wote wamekuja harusini?"

"Wewe kulia umezoea! Mimi sijatoa chozi tangu siku ile, ndiyo maana nikalileta!"

"Utalitoa wapi, wakati kila ukitaka kulia linakwambia usilie?"

Kun-hong akaenda, akachomoa waya. Lidude lina betri, halikuzimika. Akalikumbatia zima zima kama mtu anayehamisha kabati, akapita nalo mbele ya wageni kuelekea kwenye gari, nalo njia nzima linamwambia sikioni: "Usilie, mwanangu. Usilie, mwanangu." Kufika kwenye gari uso ulikuwa umelowa mpaka shingoni, kamasi juu. Akalifungia ndani. Akarudi chini ya turubai, akashuka magoti kando ya dada yake.

"Sijui unaanzaje," akasema.

"Mwite tu, ng'ombe wewe."

Wakatambaa wote wawili. Walilia vibaya, bila mpangilio, na A-Luan akasema yote, ya simu, ya joho, ya mlango wa nyuma. Hakuna aliyemkatisha. Akarusha sarafu, kumuuliza kama sasa kashiba. Uso na mgongo.

"Kashiba," mjomba akasema. "Fungeni."

Sasa wewe unayesoma, na huko kwenye simu umejiwekea marehemu wako anakuita mpendwa na kukukataza kulia: mfute. Usingoje kesho, mfute sasa hivi. Halafu piga magoti, mwambie ulichomkosea, ulie.